Kuketi na Kusikiliza Tarumbeta: Jioni ya Wapigaji Watano Tabora

Hapa Tabora tumezoea kuisikia tarumbeta ikipita. Hupita juu ya gari la wazi ikimsindikiza bibi harusi, au hulia alfajiri ya Pasaka makaburini, Wamoravian wanapokwenda kuimba kabla jua halijachomoza, na mara zote msikilizaji huwa ana shughuli nyingine. Kwa sababu hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa shauku kubwa katika ukumbi mmoja ulio jirani na stesheni, ambako wapigaji watano waliweka kiingilio cha shilingi 10,000 ili watu waketi, wanyamaze na wasikilize ala za shaba kwa muda wa saa moja na nusu. Walistahili fedha hiyo, ingawa si kwa kila walichopiga.

Kundi hili, ambalo wapigaji wake wamelelewa katika vikundi vya tarumbeta vya makanisani na bendi za harusi, lina tarumbeta mbili, pembe moja ya alto yenye sauti ya kati, tromboni, ambayo mrija wake huvutwa mbele na nyuma, na tuba, ala kubwa ya besi. Mpangilio huo unakaribiana sana na ule uliozoeleka duniani tangu makundi kama American Brass Quintet la New York, lililoanzishwa mwaka 1960, yalipowashawishi watunzi wa siku zetu kuziandikia ala tano za shaba muziki mzito wa kusikilizwa. Tofauti ni kwamba mahali pa pembe ya Kifaransa (French horn) wao wameweka pembe ya alto, ambayo ndiyo waliyokuwa nayo. Muziki wa aina hii huitwa muziki wa chemba, na sharti lake kubwa ni kwamba kila sauti hubebwa na mtu mmoja tu. Akikosea, hana mwenzake wa kumfichia kosa. Hakuna kiongozi wa kupunga mkono mbele yao pia: mpigaji wa tarumbeta ya kwanza aliinua mabega kidogo, akavuta pumzi, na wenzake wanne wakaingia pamoja naye.

Walianza na wimbo wa kanisani wa sauti nne, tuba ikiongeza besi ya chini kabisa, na ubeti wa kwanza ulikuwa umepanda sauti kupita kiasi. Joto la Oktoba hupandisha sauti ya ala za shaba, kwa kuwa hewa iliyomo ndani ya mirija inapopata moto sauti huwa juu zaidi. Walipomaliza wimbo huo hawakuona haya kusimama, kumwaga maji yaliyojikusanya ndani ya ala, kuvuta mirija nje kidogo na kulinganisha sauti upya mbele yetu. Niliwaheshimu kwa hilo, kwa maana nimeshuhudia vikundi vingi vikiendelea kupiga huku sauti zikigombana hadi mwisho wa ibada.

Kipande cha pili ndicho kilichonifanya niandike haya. Kimetungwa na mpigaji tromboni mwenyewe, kwa mtindo wa nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba mizigo kati ya Unyanyembe, eneo hili la Tabora, na Bagamoyo: mmoja anaita, wengine wanaitikia. Tromboni iliita peke yake. Mpigaji alikuwa ameshika kwa mkono wa kushoto kipande cha kibuyu kilichokatwa nusu, akawa anakifunika na kukifunua mbele ya mdomo mpana wa ala, na sauti ikatoka kama ya mzee anayesema akiwa amejifunika blanketi. Waitikiaji hawakurudisha jibu lilelile mara mbili. Kila mara nota moja ilibadilika, ile ambayo sikio lilikuwa tayari limeizoea, mpaka nikajikuta nimeegemea mbele kusubiri itakuwa ipi. Karibu na mwisho tuba ilibaki na nota mbili tu za mwendo, kushoto na kulia, na wengine wakanyamaza mmoja mmoja.

Wapo watakaosema kuchanganya nyimbo za wapagazi na ala za shaba ni kuharibu. Nisingekubaliana nao, kwa kuwa mji huu umechanganya tangu zamani. Ngoma ya beni, iliyochukua jina lake kutoka kwenye bendi za kijeshi, ilianzia pwani ikaenea bara wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, na Tabora ilipata vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa gwaride na nyimbo.

Hata hivyo, kuchanganya kunahitaji kazi, na kipande cha nne hakikufanyiwa kazi hiyo. Kilikusudiwa kuunganisha dansi la enzi za Kiko Kids na Tabora Jazz, bendi za zamani za mji huu, na jazi ya Marekani, lakini kilibandika moja juu ya nyingine. Tena, tarumbeta ilipewa kazi ya gitaa la solo. Vidole vya mpiga gitaa vinaweza kurudia mzunguko mmoja kwa dakika kumi. Midomo ya mpuliza tarumbeta haiwezi, na kufikia katikati sauti ya juu ilikuwa imeanza kupasuka. Mpiga ngoma aliyeazimwa kwa kipande hicho kimoja aliifunika tuba kabisa. Watunzi warudi mezani, wagawanye mzunguko huo kwa tarumbeta zote mbili, na ngoma waiache nyumbani.

Kuhusu huduma nitasema machache. Tulichelewa kuanza kwa dakika 50 bila maelezo, majina ya vipande yalitangazwa kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikwaruza, na karatasi ya ratiba haikuwepo. Ukurasa mmoja uliopigwa chapa ungetosha. Lakini ala zenyewe hazikupitishwa kwenye spika, na uamuzi huo uliokoa jioni nzima, kwa sababu pumzi, vidole na hata mguso wa kibuyu kwenye shaba vilisikika.

Wamesema watapiga tena kabla ya Krismasi. Atakayekwenda asikae nyuma, maana bati la paa huirudisha sauti ya tarumbeta ikawa kali. Safu ya tatu upande wa kushoto, mkabala na tromboni, ndiko nilikoketi, na ndiko nitakakoketi tena.