Tahadhari kwa wenye kukokota remoki: msinunue boksi la "kufungua motere" hapa Lubumbashi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi, Kipushi na Kasumbalesa wenye gari za mazuti (dizeli): kuna kijana anapita kwenye magaraji na kwenye parkingi za wasafirishaji akiuza boksi la kuongeza nguvu ya motere (injini). Msimpe pesa. Mimi nilimpa mara mbili. Mara ya kwanza nilipoteza dola 80. Mara ya pili nilipoteza motere.

Gari yangu ni Hilux D-4D ya lita 3. Kazi yangu ni kupangisha grupu ya umeme na kompresa, navikokota kwa remoki (trela) hadi kwa wateja, mara nyingi upande wa Likasi. Mzigo pamoja na remoki unakaribia tani mbili. Anayefanya kazi hii anajua jinsi gari inavyochoka ikikaribia vilima vya Likasi. Halafu mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na motere inaihisi. Kwa hiyo mtu akikuambia ana dawa ya tatizo hilo, unasimama kumsikiliza. Na kijana yule anajua wa kumwambia: haendi kwa wenye gari za kutembelea, anatafuta gari yenye ndoano ya remoki nyuma.

"Papa, motere yako imefungwa tangu kiwandani. Mimi naifungua tu," ndivyo alivyoniambia.

Boksi la kwanza ni dogo kama kiberiti, linachomekwa kwenye prizi ya diagnostiki chini ya usukani, pale fundi anapochomeka mashine ya kusoma makosa. Lina taa tatu na kibonyezo kimoja. Analo jekundu la mazuti na la njano la esansi (petroli). Anakuambia utoe waya wa betri, uchomeke boksi, ubonyeze sekunde tano, kisha utembee kilometa 200 bila kulichomoa ili "lijifunze" gari yako. Zile kilometa 200 ndizo mtego wenyewe. Unapozimaliza, siku tatu au nne zimepita, pesa imekwisha kutumwa kwa simu, na namba uliyonayo haipokelewi tena. Kama gari ilibadilika kidogo dakika za mwanzo, ni kwa sababu betri ilitolewa na kompyuta ya motere inajipanga upya. Boksi halina sehemu katika hilo.

Nilipoona hakuna tofauti, nililifungua kwa turnevisi pamoja na mtoto wa dada yangu anayetengeneza simu. Prizi ile ina pini 16. Katika gari nyingi za sasa, kompyuta huongea kupitia pini ya 6 na ya 14. Ya 16 inaleta moto wa betri, ya 4 na ya 5 ni masi, yaani upande wa hasi. Ndani ya boksi, waya zilikuwa kwenye ya 16 na ya 4 peke yake. Yaani linachukua umeme wa kuwashia taa zake, basi. Haliwezi kusoma kitu wala kuandika kitu. Pini ya 6 na ya 14 zimesimama pale kama meno ya bandia. Ukiwa nalo, lifungue mwenyewe uone, halihitaji utaalamu.

Nilifanikiwa kumpata kwa namba nyingine, na hapa ndipo nataka msome taratibu. Hakukana. Alisema, "Papa, pole, lile ni la gari nyepesi. Wewe unakokota. Unahitaji lile kubwa." Akapunguza zile dola 80 katika bei, nikaona ni mtu wa haki. Nikaongeza 170, akaja kulifunga mwenyewe uani kwangu kwa dakika kumi.

Boksi la pili linafanya kazi. Ndiyo hatari yake. Linakaa katikati ya waya wa kapteri (sensa) inayopima presio ya mazuti kwenye reli ya injekta, lile bomba linalogawa mazuti kwa injekta zinazoyapulizia ndani ya motere. Linaidanganya kompyuta kwamba presio ni ndogo kuliko ilivyo, na kompyuta, kwa uaminifu wake, inaipandisha. Mazuti mengi zaidi yanaingia. Gari inaruka. Nilifurahi, siwafichi, nilimpigia mke wangu kumwambia tumepata gari mpya. Lakini kompyuta ile ndiyo mlinzi wa motere, na sasa mlinzi amefungwa macho: haijui presio ya kweli, kwa hiyo haiwezi kukata mafuta mambo yakizidi.

Njiani moshi mweusi ulianza kutoka nyuma kila nilipokanyaga. Kijana alikuwa amenionya kwamba moshi "ni dalili ya nguvu". Si kweli. Moshi mweusi ni mazuti yaliyokosa hewa ya kuungulia. Gari tupu mjini inakanyagwa sekunde chache kisha inapumzika. Gari yenye tani mbili nyuma inakanyagwa dakika kumi mfululizo kwenye kilima, na joto la moshi linapanda bila kushuka. Pistoni ni za aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye digrii 660. Moshi wa motere ya mazuti iliyozidishiwa mafuta unaweza kupita 700. Sindano ya joto la maji kwenye dashibodi haikuonyeshi hilo. Yangu ilikuwa katikati kabisa, imetulia, wakati motere inakufa.

Safari ya tatu na boksi hilo, kabla ya kufika Likasi, nilisikia mlio kama nyundo, taa ya motere ikawaka, nguvu ikaisha. Tulipofungua kulasi, kile kichwa cha juu cha motere, pistoni ya tatu ilikuwa imeyeyuka ukingoni. Mzee fundi wangu wa Kamalondo aliishika mkononi, akaniangalia, akasema: "Mwanangu, mazuti hayaungui bila hewa. Nani alikushika mkono?" Matengenezo yamekula dola 2,900 na wiki tano bila kazi.

Ninayemwandikia hasa si mwenye gari kama mimi. Kuna shofere kijana wa Katuba, ananiita yaya (kaka mkubwa), alinunua boksi la pili kwa pesa yake mwenyewe ili kumfurahisha patroni wake afike mapema. Ambreyaji (klachi) imeungua. Sasa anakatwa mshahara kila mwezi kwa gari isiyo yake. Mashofere, msifunge kitu kwenye gari ya mtu bila yeye kujua, hata mkipewa bure.

Na mwenye Land Cruiser ya motere 1HZ, ile ya zamani isiyo na tubo ya kusukumia hewa ndani ya motere: pampu yako inaongozwa na chuma. Hakuna kompyuta ya mafuta ya kudanganya. Kijana huyu amewauzia hata wenye 1HZ, akiwafungia boksi kwenye waya wa betri tu.

Sisemi kwamba kuongeza nguvu ya gari ya mazuti ni uongo. Kazi hiyo ipo na wapo wanaoijua. Lakini fundi wa kweli atakuuliza namba ya motere, unakokota kilo ngapi na wapi, kabla ya kutaja bei. Ataangalia injekta, tubo, radiateri na ambreyaji kwanza, na akikuta zimechoka atakukatalia. Atasoma programu ya asili ya kompyuta yako na kukuachia nakala yake, ili siku ukitaka kurudi, urudi. Atakwambia ufunge kipimo cha joto la moshi kabla ya tubo. Atajaribu gari ikiwa na remoki yake. Kijana huyu alinijaribia gari ikiwa tupu, kwenye barabara tambarare, na akaonyesha "amepunguza mafuta" kwa sindano ya tanki. Sindano ya tanki haipimi. Jaza tanki hadi mdomoni, nenda Likasi na urudi na mzigo uleule kwa mwendo uleule, jaza tena kwenye pampu ileile, hesabu lita. Asiyekubali jaribio hilo mwacheni aende.

Kama boksi la kwanza liko kwenye gari yako, lichomoe leo, kwa sababu linakula betri usiku. Kama ni la pili, usisubiri hadi mwisho wa wiki: zima motere, lichomoe, rudisha waya wa kapteri kama ulivyokuwa, kisha mpelekee fundi asome makosa kwenye kompyuta na aangalie injekta. Badilisha pia mafuta ya motere (oili), maana mazuti yasiyoungua huteremka hadi huko na kuyafanya mepesi.

Maboksi yangu yote mawili ninayo, pamoja na ujumbe wa pesa niliyotuma na namba tatu alizotumia. Hadi sasa tuko wanne tuliokubali kwenda kushitaki pamoja. Mtu mmoja akienda anaambiwa ni ugomvi wa biashara. Kama uliuziwa, usitupe boksi kwa hasira na usifute ujumbe kwenye simu. Niandikie faraghani, tutapanga siku.