Redio ya BL-5C kuhamia betri za 18650: mlinzi kwanza, ukubwa baadaye

Habari za saa hizi ndugu watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna redio ndogo ya memori kadi, zile zinazotumia betri bapa ya BL-5C, betri ya simu za Nokia za zamani. Hapa Dodoma utaikuta kwa mchunga ng'ombe kule Bahi, utaikuta kwa muuza nyanya pale Majengo. Sauti ipo, FM inakamata. Shida yake ni kuzima mapema.

BL-5C halisi ina mAh 1,000 hivi, yaani inaweza kutoa miliampea 1,000 kwa saa moja. Redio ikivuta miliampea 150, hiyo ni saa sita na ushee. Ukiweka seli mbili za 18650, zile betri za mviringo zilizomo ndani ya betri ya laptopu, zenye mAh 2,500 kila moja, hesabu inapita saa 30. Volti ni zilezile, 3.7, ikijaa 4.2, kwa hiyo redio yenyewe haidhuriki.

Sasa sikilizeni hapa, maana kazi nyingi zinaharibikia hapa. Ndani ya BL-5C kuna kijibodi chembamba cha saketi kinachokata umeme betri ikishuka mno, ikijaa mno, au nyaya zikigusana. Huyo ndiye mlinzi. Seli ya 18650 uliyotoa kwenye betri ya laptopu haina mlinzi. Ukiiunga moja kwa moja, redio itainyonya hadi chini ya volti 2.5, na seli iliyofika huko ukiichaji tena inaweza kupata shoti kwa ndani. Kwa hiyo kabla hujawaza ukubwa wa betri, nunua bodi ya kuchajia ya TP4056, na iwe ile yenye ulinzi. Utaitambua kwa matundu: ina B+ na B- za betri, halafu OUT+ na OUT- za redio. Yenye matundu ya betri peke yake inachaji tu, hailindi. Iache.

Seli nazo mzichunguze. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, huo ni uongo. Nzuri nyingi huishia 3,500 hivi. Ipime kwenye mizani: seli ya kweli ina gramu 45 au zaidi kidogo. Nyepesi sana, rudisha.

Seli mbili ziungwe sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukizipanga kwa kufuatana unapata volti 8.4 zikijaa, na redio inaungua hapohapo. Kabla ya kuziunga zichaji zote zijae, kisha pima kwa mita: zisipishane zaidi ya volti 0.05. Zikipishana sana, yenye nyingi inamwagia mwenzake umeme kwa kasi na waya unapata moto. Tumia kishikio cha seli, usichomelee risasi juu ya seli yenyewe, joto linaiua. Na angalieni ganda la plastiki: mwili wote wa 18650 ni hasi hadi shingoni karibu na ncha ya chanya. Ganda likichanika hapo, shoti.

Kwenye redio, vyuma vya kugusia betri viko vitatu. Unahitaji viwili tu, vya chanya na hasi. Cha tatu redio nyingi hazikitumii. Pima kwanza kwa betri ya zamani, weka alama, ndipo uchomelee OUT+ na OUT-. Ukigeuza, bodi ya redio imekwenda.

Tundu la zamani la kuchajia lizibe kwa gundi. Chaja ya ndani ya redio nyingi za bei nafuu ni dhaifu, na nyingine haijui kuacha betri ikijaa. Kuanzia sasa chaji kwa tundu la TP4056 pekee, ampea 1, saa tano hadi sita kwa seli hizi mbili. Zima redio wakati wa kuchaji: bodi hii husema imejaa pale umeme unaoingia unaposhuka hadi miliampea 100 hivi. Redio ikiwa inavuta 150, taa nyekundu haizimiki.

Wengine wanapenda kutumia bodi ya pawabanki. Kwa redio siishauri. Inapandisha volti hadi 5, inaleta mlio kwenye masafa ya AM, na ukipunguza sauti inadhani hakuna kinachotumia, inajizima.

Seli hazitaenea kwenye chumba cha BL-5C, zina unene wa milimita 18. Zifunge mgongoni ndani ya kiboksi cha plastiki, mbali na kile kijiti cheusi cha antena ya AM, maana chuma chao kinapunguza kukamata.

Kwa wanaochaji kwa sola: usiunge paneli ya volti 6 moja kwa moja. Kwa jua letu la mchana, bila mzigo, inaweza kupita volti 7, na bodi ya TP4056 mwisho wake ni 8. Pitisha kwenye tundu la USB la kifaa cha sola chenye volti 5. Paneli ikae juani, redio ikae kivulini: seli hizi hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45, na juu ya bati saa saba mchana joto linavuka hapo mapema sana.