Juisi ya vepu imeadimika Mtwara: nimejaribu chupa tatu, moja sitaki hata kuiona

Wadau wangu, karibuni barazani. Leo nipo nyumbani, Chikongola, Mtwara mjini, na hizo kelele mnazozisikia ni jirani anapasua kuni, tumvumilie. Hapa mezani nina chupa tatu, bakuli la maji ya moto, bomba la sindano lisilo na sindano, na mzani mdogo wa sonara niliouazima mpaka saa kumi jioni, kwa hiyo tusichelewe.

Tuwekane sawa kabla sijagusa kitu. Kama huvuti sigara, hii si ya kwako, usianze. Kama hujatimiza miaka 18, kaangalie mpira. Mimi nilikuwa mtu wa pakiti moja kwa siku kwa miaka 11, na vepu, ile sigara ya umeme inayogeuza juisi yenye nikotini kuwa mvuke, ndiyo iliyonitoa huko. Nikikosa juisi sirudi kwenye hewa safi, narudi kwa muuza sigara wa pale kona, ananijua kwa jina. Ndiyo maana nahangaika hivi.

Hali ya mji wetu mnaijua. Maduka ya juisi ya chupa niliyokuwa nayajua yalikuwa mawili. Moja sasa linauza kava za simu. Lingine bado lina vepu, ila ni zile za kutupa, za rangi rangi, zinanukia bablishi. Ukimaliza unatupa na betri yake. Nilimuuliza mwenye duka, akanijibu bila kuficha: "Kaka, chupa inakaa hapa miezi minne, hii ya kutupa inatoka siku hiyohiyo." Simlaumu, ana kodi ya fremu.

Na ukisema uagize nje, milango inafungwa mmoja mmoja. Posta ya Marekani ilizuia kutuma vepu tangu Oktoba 2021. Australia, tangu Julai 2024, zinauzwa famasi tu. Majirani zetu Uganda walishazipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015. Kinachonichekesha ni Uingereza: Juni 2025 wao waliondoa za kutupa, chupa wakaziacha. Kinyume kabisa cha duka letu.

Haya, chupa ya kwanza. Hamisi, sogeza kamera. Hii nilinunua kwa mtu wa mkononi, mililita 30, imeandikwa miligramu 3 za nikotini kwa kila mililita. Sasa tazameni hapa pembeni, nikiinua lebo kwa kucha. Mnaona? Kuna lebo nyingine chini yake. Ya juu inasema embe, ya chini ina neno la Kiswidi, jordgubbar, yaani stroberi, na sehemu ya namba imekwanguliwa. Mimi sikuiona siku ya kununua. Nilijaza tanki la vepu, nikavuta pafu tatu, jasho likanitoka kwenye mdomo wa juu, mate yakajaa, nikakaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyeshuka kwenye boti yenye mawimbi. Hiyo si miligramu 3. Sijui ni ngapi, na mtu aliyeniuzia naye hajui, ndiyo shida yenyewe. Alama yake ni sifuri. Na sikuimwaga uani, maana kuku wa mama wanachokora palepale. Iliyobaki naimimina kwenye kopo lenye mchanga, nafunga, naweka juu mbali na watoto.

Chupa ya pili ndiyo hii ndogo, na nyingine kama yake. Zimekuja na basi kutoka Dar. Rafiki yangu anazipeleka Mbagala, mimi nazipokea stendi ya Mkanaledi. Mnauliza kwa nini ni ndogo hivi, mililita 10? Kwa sababu zimetengenezwa kwa soko la Ulaya, na kule sheria inasema chupa yenye nikotini isizidi mililita 10, makali yasizidi miligramu 20 kwa mililita. Hizi ni 18. Lebo moja tu, namba ya toleo ipo, tarehe ipo, kifuniko cha kuzuia mtoto kinasukumwa chini ndipo kizunguke.

Rangi yake iangalieni dhidi ya dirisha. Kama chai ya rangi iliyopita majani mara moja. Nikotini hupiga wekundu ikikutana na joto, mwanga na hewa, na basi letu linatembea zaidi ya kilomita 500 juani. Wekundu kidogo si kuharibika. Ikifika rangi ya kahawa na ukavuta inakwaruza koo, achana nayo. Sasa mimi nasema ifungwe kwenye karatasi ya nailoni nyeusi, iwekwe kwenye begi, si kwenye dashibodi ya dereva. Mwaka 2024 mvua zilipokata barabara kule Somanga, mzigo wangu ulilala njiani siku kadhaa, ulifika kama sharubati ya ukwaju.

Bei? Hizi mbili pamoja na nauli ya kifurushi zimenigharimu hela ambayo pale sokoni ningekula pweza wiki nzima. Ukizivuta kama zilivyo zinaisha mapema, na 18 kwenye tanki kubwa ni kali kupita kiasi. Kwa hiyo tunazimua. Neno la wazee wa gongo, samahani, lakini ndilo lenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Mililita 10 zenye 18, maana yake humo ndani mna miligramu 180. Ukiongeza mililita 20 za maji ya kuzimulia yasiyo na nikotini (si maji ya kunywa, nitayaeleza), unapata mililita 30, na 180 ukigawa kwa 30 ni 6. Sita kwa mtu aliyezoea kama mimi inatosha. Unaona, chupa ya pesa nyingi imezaa tatu. Na hapo hujashika nikotini ghafi hata tone.

Maji hayo ya kuzimulia ndiyo chupa ya tatu, na ndiyo niliyosumbuka nayo zaidi.

Juisi yoyote ya vepu imejengwa kwa vitu viwili: glisarini, ile nzito ya kutoa moshi mwingi, wanaiita VG, na propilini glaikoli, PG, nyepesi, ndiyo inayobeba ladha na kukwaruza koo kidogo kama sigara. Glisarini kila mtu hapa anaijua, mama zetu wanapaka miguuni kipindi cha upepo. Na hapo ndipo nilipoanguka. Mara ya kwanza niliingia duka moja la dawa, nikaomba glisarini, nikapewa, nikashukuru. Sikusoma. Nyumbani nikachanganya, nikavuta, kinywa chote kikawa maji ya waridi. Ilikuwa ya ngozi, imetiwa manukato. Nilikohoa usiku mzima, koili, ule waya unaochemsha juisi, ikawa nyeusi siku ya pili, mke wangu akaniuliza kama nina mpango wa kunukia vile mpaka Idi.

Kwa hiyo soma lebo. Unatafuta glisarini tupu, isiyo na harufu, imeandikwa BP au USP. Hizo herufi ni za vitabu vya viwango vya dawa vya Uingereza na Marekani, maana yake imepimwa kama kitu cha kuingia mwilini. Na si mbwembwe. Mnakumbuka Gambia, 2022, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa dawa za kikohozi? Kilichokutwa kwenye dawa zile ni diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo, ndugu wa karibu wa hii PG kwa sura na utamu. Huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa ulimi. Basi ukikuta mtu anauza PG ya kumimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, kwa bei ya kutupa, mwache aondoke nayo. Mimi ya kwangu imetoka Dar na lebo yake, pamoja na zile chupa.

Ukiikosa kabisa PG, glisarini peke yake inavutika, ila ni nzito. Oneni. Naipindua chupa hii ya glisarini tupu. Kiputo kile pale chini, kinapanda... kinapanda... bado. Nahesabu mpaka sita ndiyo kinafika. Sasa hii niliyochanganya: kimefika kabla sijasema mbili. Podi, ile vepu ndogo, yenye koili ya omu 1.2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ukiipa kile kizito, pamba inayonyonya juisi haiwahi kulowana, unavuta pafu kavu, unalamba kitambaa kilichoungua. Tanki la omu 0.4 linakunywa tu. Mwenye podi basi aongeze maji kidogo, sehemu moja kwa kumi za glisarini, na maji yawe yale ya kuchanganyia sindano ya famasi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye skrini: SI MAJI YA BETRI. Kuna watu wanauza tindikali kwa jina hilohilo.

Napima kwa mzani, si kwa macho, maana glisarini inaganda kwenye bomba na kukudanganya. Mililita moja ya glisarini ina gramu 1.26. Mililita 14 ni gramu 17.6, hapo... 17.4, tone, 17.6. Halafu PG mililita 6, gramu 6.2. Imetosha. Mililita 20. Sasa glavu.

Ndiyo, glavu, usinicheke. Kule Newala wabanguaji wanaujua utomvu wa ganda la korosho, hawashiki bila kupaka kitu mikononi, kwa sababu unababua papo hapo. Nikotini ubaya wake ni kwamba haibabui. Inapita kwenye ngozi kimya, unakuja kushtuka na kichefuchefu. Wachuma tumbaku mbichi yenye umande wanaujua ugonjwa huo. Nafungua ya 18, naimimina yote, nafunga, natikisa, natumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya moto dakika kumi. Si jikoni, si kwenye jiko la mkaa. Maji tu.

Wakati inapata joto, nijibu swali la mdau wa Nachingwea, ameuliza mara tatu. Anasema tumbaku inalimwa hapo Namtumbo, kwa nini tusiloweke majani tukapata nikotini yetu wenyewe? Mdau, hapana. Kwanza hutajua umepata makali kiasi gani, umerudi kwenye chupa yangu ya kwanza. Pili, majani yanakupa sukari na lami pamoja nayo, koili inaziba, na unavuta kilekile ulichokimbia kwenye sigara. Bibi yangu alikuwa na ugoro wake kwenye kikopo, aliishi nao vizuri, lakini bibi hakuuchemsha kwa betri akauvuta kifuani.

Ladha nayo. Wengi mnakimbilia arki za keki. Fanyeni jaribio hili: tone moja kwenye glasi ya maji. Hii ya vanila imeyeyuka. Hii ya siagi, hebu sogeza Hamisi, inaelea, imefanya macho ya mafuta kama supu ya utumbo. Mafuta ya aina yoyote hayaingii kwenye vepu, liwe la karafuu, la nazi, la bangi, la nini. Marekani kuanzia mwaka 2019 mpaka mwanzoni mwa 2020 watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa mapafu, 68 kati yao walikufa, na kilichokamatwa zaidi ni mafuta ya vitamini E ambayo wauzaji wa uchochoroni walizidishia kwenye vepu za bangi. Na hata ile siagi isiyoelea siitaki: kemikali yake, diasetili, inaliwa bila shida, lakini wafanyakazi wa kiwanda cha bisi kule Missouri waliumwa mapafu kwa kuvuta mvuke wake. Kuliwa ni kitu kimoja, kuvutwa ni kingine. Hata vanila hii iliyoyeyuka siitii, imetengenezwa kwa ajili ya tumbo. Mimi sasa navuta bila ladha ya kuongeza. Mint hafifu iliyokuja na chupa ya Dar inabaki kwa mbali, kama bigijii ya jana.

Haya, tayari. Najaza tanki, nasubiri dakika tano pamba inywe, msiruke hapo. Navuta... Moshi mzuri. Koo limepata mguso, si kofi. Utamu wa glisarini upo mbele kidogo, kwa mwenye ulimi wa sukari atapenda, mimi ningepunguza. Nimekuwa nikitumia mchanganyiko huu wiki tatu kabla ya video hii, koili moja, bado ni safi. Zile juisi tamu za dukani zilikuwa zinaniulia koili kwa siku tano. Alama: saba kwa kumi. Moja nimetoa kwa ladha, mbili nimetoa kwa sababu bado nategemea basi. Chupa ya Dar peke yake, bila kuzimua, naipa tano, ni nzuri ila haishikiki kwa bei. Vepu za kutupa za duka letu sijazipa alama, nikotini yake siwezi kuizimua na betri yake siwezi kuichaji.

Na tafadhali, wale mnaotuma ujumbe usiku, "kaka unauza?" Siuzi. Hizi ni mililita 30 zangu, na ile ndogo iliyobaki nikiizimua ni 30 nyingine. Hamisi zima, mwenye mzani ameshapiga simu mara mbili.