Fundi wa Keko na kabati langu la boksi: nampa nyota nne, ya tano amejinyima mwenyewe

Nianze na lawama zangu mwenyewe. Hili kabati la milango mitatu nililinunua Kariakoo kwa laki tatu na themanini, lile linakuja limelala kwenye boksi na mfuko wa skrubu na karatasi ya michoro, unafunga mwenyewe nyumbani. Miaka miwili halikuwa na shida. Nikahama Mbagala kwenda Tabata na kwa uvivu nikalipakia kwenye kirikuu vilevile lilivyo, halijafunguliwa hata skrubu moja, limelazwa ubavu na magodoro juu yake. Lilipofika likasimama limeegemea kushoto kama mtu anasikiliza umbea wa jirani, milango haikutani na ukivuta mmoja kabati zima linakufuata.

Fundi wa kwanza nilimpata hapo mtaani. Akaja na nyundo na misumari ya inchi tatu, akaanza kugongelea kwenye kingo za ubao. Jamani, chipbodi sio mbao, ni maranda na unga uliogandishwa kwa gundi, ukipiga msumari ubavuni inafumuka kama mkate wa jana. Elfu kumi yangu ikaenda na kona moja ikapasuka juu yake.

Ndo shoga yangu akanielekeza kwa huyu wa Keko. Bei alianza na elfu 70, tukavutana weee tukaishia 45 na vifaa vyake humohumo. Aliniambia atakuja saa tatu asubuhi, akaja saa sita na nusu ananiambia foleni. Foleni ya Jumamosi, haya.

Ila kazi anaijua. Kitu kilichonishangaza hakugusa skrubu hata moja mwanzoni, aliweka kiganja akalisukuma kabati kulia kushoto, akazunguka nyuma akacheka. "Dada, mgongo haupo." Kumbe ile hadibodi nyembamba ya nyuma ambayo mi nilijua ni ya kuzuia vumbi tu, ndo inayolishika kabati lisiyumbe, na yangu misumari yake nusu ilishang'oka njiani. Akapima kwa futi kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, halafu akapima ule mkato mwingine, vikatofautiana karibu sentimita mbili. Akasema hapo hata ukaze skrubu mpaka kesho litabaki limepinda.

Sasa kwenye maungio. Mnavijua vile vichuma vya duara unavyozungusha kwa bisibisi vinavuta kijiti cha chuma kutoka ubao wa pili? Mi kila kilipolegea nilikuwa nakaza, nakaza tena, na kumbe ndo nilikuwa namalizia kuua, maana uzi wa kile kijiti unakula chipbodi kidogokidogo mpaka tundu linabaki linamwaga unga. Alinionesha, akagonga ubao kidogo unga ukashuka kwenye kanga yangu. Matundu yaliyochoka yalikuwa manne. Akayachimba upya kwa drili ya milimita 8, akapaka gundi nyeupe ya mbao, akagongelea vijiti vya mbao ngumu vya unene huohuo, na kwenye ile kona iliyopasuliwa na mwenzake akadondoshea supaglu ikanywewa na ubao mpaka ukawa mgumu. Vile vijiti vya zamani vya mbao navyo alivikwangua kwanza kwa kisu vikabaki vyeupe, anasema gundi mpya haishiki juu ya gundi iliyokauka. Alipounga akafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukaza pande zote.

Na hapo ndo nyota ya tano ilipopotea. Ameshamaliza kufunga mpira ndo ananiambia "mpaka kesho saa hizi, lisiguswe." Baba, ungeniambia kabla! Nguo zote ziko juu ya kochi, mgeni anakuja jioni, tumekaa kwenye mkeka.

Jumapili alirudi (kwa wakati safari hii, nimpe haki yake), akakata vijiti vikawa sawa na ubao, akatoboa vitundu vidogo katikati ndo akarudisha vichuma. Akalisukuma mpaka vile vipimo viwili vya kona vikawa sawasawa, ndo akapigilia hadibodi mpya, msumari kila baada ya shibiri moja. Kona za juu akaongeza vyuma vya L kwa ndani na skrubu fupi kabisa, maana ubao wenyewe ni milimita 15 tu, ukiweka ndefu inachungulia upande wa pili.

Kilichomshinda ni ubao wa chini, umevimba kwa maji ya deki. Alisema wazi kwamba huo ukishanyonya maji umekwenda, hamna gundi ya kuurudisha, akaniwekea vipande vya mpira chini usikae sakafuni. Na mlango wa kati bado unashuka kidogo, kila baada ya wiki kadhaa narekebisha mwenyewe kwa ile skrubu ya kwenye bawaba.

Huu ni mwezi wa nne tangu alitengeneze. Nimejaza madera, mablanketi, na begi la mume wangu juu yake, na halijayumba. Kulinunua jipya ni laki tatu na zaidi, mi nimetoa 45, ukijumlisha na ile kumi ya mpiga misumari basi 55.

Kama tatizo lako ni skrubu moja tu ya bawaba imelegea usimwite, yeye mwenyewe ndo kaniambia: kata vichwa vya njiti za kiberiti, paka gundi nyeupe, jaza tundu, subiri mpaka kesho, kaza taratibu. Ila kwenye vile vichuma vya kuzungusha, njiti hazitoshi. Ukimwita, muulize kabisa ni siku ngapi, na usitandike kanga nzuri, yangu ina madoa ya gundi mpaka leo.