Prednisolone kwa ugonjwa wa utumbo: inasaidia kweli, ila dozi iheshimu

Hii dawa inafanya kazi jamani, mi nina kolaitisi (uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana) na ilivyopamba moto nilikuwa naharisha damu mpaka nguvu zimeisha, nilipoanzishiwa prednisolone damu ikapungua haraka kuliko nilivyotegemea. Kwa mtu mzima mara nyingi wanaanza na miligramu 40 kwa siku, zote asubuhi baada ya kula maana ukimeza jioni usingizi sahau, halafu daktari anashusha 5 kila wiki mpaka unamaliza kwenye wiki ya 8 hivi. Hapo kwenye kushusha ndo penyewe!! Usiache ghafla hata kama tumbo limetulia, mwili unakuwa umepunguza kutengeneza kotisoli yake (homoni inayosaidia kushikilia presha), ukikata tu presha inaweza kushuka vibaya ukaanguka. Ubaya wake ni njaa isiyoisha, uso kuvimba, hasira za ghafla (familia waambie mapema), sukari kupanda, na mifupa kudhoofika, kwa hiyo ulizia kalsiamu na vitamini D. Ukipata homa wahi hospitali, kinga iko chini. Na kama kila dozi ikishuka dalili zinarudi, mwambie daktari akutafutie dawa nyingine, hii sio ya kumeza miaka na miaka.