TAHADHARI: Huyu anayeuza "mzizi wa India wa kuponya sukari" hapa Mwanza ni tapeli

Naandika mikono ikitetemeka, ila acha niandike. Ndugu zangu wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema, na ninyi wa visiwani mnaoshukia Kirumba: kuna kijana anazunguka kwenye vikoba na vikundi vya kina mama akiuza makopo ya unga anaouita ashwagandha. Koti jeupe la daktari, miwani, begi jeusi la laptopu, sauti ya upole. Msinunue. Kama mmeshanunua, msimpe mgonjwa. Amemlaza mama yangu kitandani siku tisa, na drip mkononi.

Mama mnamjua, na sukari yake anayoitibu kwa vidonge vya hospitali mnaijua, sirudii. Tangu juzi simu hazikatiki na wote mnauliza swali moja: Madam, wewe unayefundisha baiolojia umepigwaje? Linaniuma hilo swali, lakini ni la haki, nitalijibu.

Ilikuwa Jumamosi ya kikoba, kwa mwenyekiti wetu. Mvua ilikuwa imetoka ziwani asubuhi, viti vya plastiki bado vina maji. Tulipomaliza kuhesabu hisa, mwenyekiti akasema kuna mgeni, mtaalamu wa lishe, ameomba dakika ishirini. Akaingia yeye. Akawasalimia wazee kwanza, kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani habari za asubuhi mama, akiinama kabisa, kila mmoja kwa mkono. Mama yangu alikuwepo siku hiyo, nilimleta ili asishinde peke yake ndani. Alimpenda pale pale.

Akatoa boksi la tende. Akasema kabla ya kuongea sukari tule kidogo, tende ni tunda la Mungu. Tukala. Vidole vikanata, hakuna aliyenawa, bomba lilikuwa nyuma ya nyumba na yeye alishaanza kuongea. Kisha akatoa mashine ya kupimia sukari, mpya, akaomba mtu ajitolee. Akajitolea mama mmoja wa kikundi ambaye hana sukari kabisa, anapimwa kila akienda kliniki. Akamchoma kidole, tone la damu kwenye stripi, mashine ikaandika 13.1. Tuliguna wote. Yule mama alishika kifua. Kijana akamwambia kwa upole, "Usiogope, ndiyo maana nimekuja." Akakoroga kijiko cha ule unga kwenye maji ya uvuguvugu, akampa anywe. Tukakaa nusu saa akituonesha picha kwenye laptopu, akisema mzizi unaponya sukari na presha. Baada ya hapo akachukua pamba yenye spiriti, akamfuta kidole kingine vizuri, akasubiri kikauke, akamchoma. 5.9.

Nataka muelewe nilivyojisikia pale. Niliona kwa macho yangu. Namba ilishuka mbele ya watu kumi na tisa.

Sasa sikilizeni. Juzi usiku, Mama akiwa bado hospitali, nilikaa mezani na mashine yetu ya nyumbani. Nikashika tende, nikajichoma bila kunawa: 12.4. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikajichoma kidole kile kile: 5.6. Dakika tatu tu zimepita na sijanywa kitu chochote. Ilikuwa sukari ya tende kwenye ngozi, inachanganyika na tone la damu na stripi inaisoma yote. Ndiyo maana nesi anatuambia tunawe kwanza. Nililia pale mezani, maana hili ni jambo ambalo ningemweleza mwanafunzi wa kidato cha pili bila kufungua kitabu.

Lakini sikununua kwa sababu ya mashine. Nataka hili lieleweke. Nilinyanyua mkono nikamwambia: kaka yangu, hapa Kanda ya Ziwa tumeshaoneshwa mizizi mingi. Mwaka 2011 nilimpeleka marehemu baba Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, na ule nao ulikuwa mzizi, wa mugariga, na walau kikombe kilikuwa shilingi 500. Wewe kopo unasema 85,000. Ushahidi wa kisayansi uko wapi?

Akatabasamu kama mtu aliyekuwa analingoja swali hilo. "Madam, nimefurahi umeuliza." Akafungua begi akanipa bahasha yenye fotokopi nne za tafiti, za Kiingereza, zenye majedwali, majina ya hospitali na vyuo vya India. Nikazipekua. Ni tafiti za kweli, ndugu zangu, hadi leo nasema ni za kweli, nimezitafuta moja moja nikazipata zilipochapishwa. Niliona neno la kundi la kulinganisha, niliona watu waligawanywa kwa bahati nasibu, niliona takwimu. Moyo ukatulia. Nikasoma muhtasari wa juu tu, wa karatasi ya kwanza tu, huku wenzangu wakiningoja niseme neno. Nikasema, "Inaonekana ni kitu cha kweli." Kwa kauli yangu wanawake saba walinunua. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hela.

Mimi nilichukua makopo matatu, akanipunguzia ikawa 230,000, nikamtumia kwa simu hapo hapo. Maelekezo: vijiko viwili vya chakula asubuhi na jioni, ukoroge na asali mbichi. Na akaninong'oneza pembeni, si mbele ya wote, kwamba vidonge vya hospitali "vipumzishwe" siku ishirini na moja ili mzizi ufanye kazi bila kugombana na kemikali.

Mama alipoonja mara ya kwanza alikunja uso. Akasema, "Mwanangu, hii mbona ni ubuyu?"

Nikamjibu, na naandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Mama, hiyo ni dawa ya India, usibishane na wataalamu." Akanyamaza, akanywa. Siku ya nne akaanza kunywa maji mno, anaamka usiku mara sita. Nikasema dawa inasafisha. Siku ya kumi na moja mdomo umekauka, anaongea maneno hayaungani, ananiita kwa jina la dada yake. Nikampima: 24.3. Kwa metformin, vidonge vyake vya sukari vya hospitali, alikuwa haendi zaidi ya tisa.

Daktari hakunifokea. Aliuliza tu amekuwa akila nini, akaandika. Ningependa angenifokea.

Niliporudi kuchukua nguo, kopo moja lilikuwa limelowa pale karibu na beseni, stika imeanza kubanduka. Nikaivuta. Chini yake kuna stika nyingine: Unga wa Ubuyu, gramu 250. Makopo yote matatu. Ubuyu, huu tunaoununua sokoni kwa hela ya vocha. Mama yangu, ambaye hajasoma hata darasa moja, alijua kwa ulimi, na mimi nikamnyamazisha kwa karatasi.

Nikarudi kwenye ile bahasha. Safari hii nilisoma kila kitu, usiku mzima, na nitawaambia kilichomo ili yeyote akioneshwa karatasi hizo asidanganyike kama mimi.

Ashwagandha ni mmea wa kweli, jina la kitaalamu Withania somnifera, ndugu wa nyanya na mnavu, na India wametumia mzizi wake tangu kale. Jina lenyewe kwa Kisanskriti ni harufu ya farasi, kwa sababu mzizi unanuka hivyo. Ladha yake ni chungu, si chachu. Karatasi ya kwanza ni ya mwaka 2012: watu 64 wenye msongo wa mawazo, siku 60, nusu walipewa dondoo la mzizi miligramu 300 mara mbili kwa siku, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa. Waliopewa mzizi msongo ulipungua zaidi, na kotisoli, homoni ya msongo, ikashuka. Msongo wa mawazo, jamani! Ya pili ni ya mwaka 2019, watu 60, wiki kumi, wenye shida ya kukosa usingizi. Ya tatu ya 2018, watu 50 wenye matatizo madogo ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, wiki nane. Ya nne ndiyo pekee yenye neno sukari kwenye kichwa cha habari, na ni ya panya. Panya wa maabara waliochomwa sindano ya kemikali ya kuwaharibu kongosho ili wapate sukari.

Hakuna hata karatasi moja kati ya hizo nne inayosema mgonjwa wa sukari aache dawa. Hakuna inayotaja presha ya mtu yeyote kupona. Majaribio yenyewe ni ya watu wachache na wiki chache, huwezi kujua kinachotokea ukinywa mwaka mzima. Na kipimo chao ni miligramu 600 za dondoo lililokamuliwa kiwandani kwa siku, siyo vijiko vinne vya unga.

Na hata ungekuwa mzizi halisi, bado usingekuwa kitu cha kumpa mzee bila kumuuliza daktari. Mwaka 2020 madaktari wa Iceland na Marekani walichapisha habari za wagonjwa watano walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za ashwagandha, macho na ngozi vikageuka njano, mwili unawasha. Denmark waliupiga marufuku mwaka 2023. Unaweza kuchokoza homoni za thairoidi, unaweza kushusha sukari ukichanganywa na dawa za sukari, na wajawazito wanaambiwa wasiuguse. Kijana yule alikuwa na mama mjamzito pale kwenye kikoba, alimwuzia makopo mawili, akamwambia mtoto atazaliwa na akili.

Kwa hiyo namshukuru Mungu ulikuwa ubuyu. Nimelisema hilo na bado nina hasira nashindwa kumeza chakula. Ubuyu haukumuumiza Mama, kilichomuumiza ni kuachishwa dawa na kunyweshwa asali mara mbili kwa siku, na vyote viwili vilitoka kinywani mwa yule kijana.

Mmeniomba dalili za kumtambua, nitaandika ninazokumbuka. Namba ya simu anabadilisha, ile niliyotumia hela haipatikani, na jina lililotokea wakati wa kutuma ni la mwanamke. Anakuja na tende, wakati mwingine embe lililokatwa nimesikia. Hakunawishi mtu kabla ya kipimo cha kwanza. Risiti hatoi. Kuna karatasi ya cheti anaipitisha haraka, ina muhuri, ukimwomba uishike anasema ni nakala ya ofisi. Dawa ya asili inayouzwa kihalali husajiliwa, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria ya mwaka 2002, na mwenye usajili haoni tabu kukupa namba yake ukaihakiki. Sikumwomba namba. Nyingine zitanijia.

Ila mimi nataka akamatwe. Sitaki kuambiwa nisamehe, wala nimwachie Mungu, wala "ni vijana wanatafuta maisha". Vijana wanaotafuta maisha wako soko la samaki la Mwaloni saa tisa usiku wanabeba dagaa migongoni. Huyu anatafuta wazee wagonjwa, anawainamia, anawaita mayu, halafu anawanyang'anya dawa. Afikishwe mahakamani, arudishe hela ya kila mama, na alipe kitanda cha hospitali. Angekuwa amemuua mama yangu, na angekuwa Jumamosi inayofuata yuko kwenye kikoba kingine Igoma anagawa tende.

Wale saba walionunua kwa neno langu, nimeshawafuata mmoja mmoja majumbani kwao. Wawili walikuwa wameacha vidonge vya presha, wamerudia jana, nimewasindikiza kupima. Mmoja hajataka kunisemesha, na ana haki. Yule mjamzito makopo yake nimeyachukua, nimemrudishia hela yake mwenyewe kutoka mfukoni kwangu, na nitaendelea na wengine mshahara ukitoka.

Makopo yangu matatu, stika zake, bahasha na ujumbe wa muamala vyote nimevihifadhi. Jumatatu asubuhi nakwenda polisi, kisha ofisi ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kanda ya Ziwa. Kama una kopo lake, usilitupe, hata likiwa tupu. Usibandue stika mwenyewe, njoo nalo hivyo hivyo tuongozane, au nitumie picha ya pande zote. Kama atakuja kwenye kikundi chenu, mkaribisheni kiti, mpeni maji, mcheleweshe, halafu nipigieni. Nitakuja hata nikiwa darasani.

Mama katoka jana jioni. Amekaa barazani, anakula ugali kidogo na sato wa kuchemsha, na vidonge vyake viko mezani mbele yake. Hajanilaumu hata kwa neno moja.