Kings of Israel: Mchezo wa Mezani Ulioiweka Historia Ndani ya Kanuni Zake

Michezo mingi ya mezani iliyotungwa juu ya Biblia huishia kwenye picha na majina. Mtunzi huchukua mchezo unaojulikana, hubadilisha michoro ya kadi, humpa kila mchezaji jina la mtume au la kabila, kisha hutarajia kwamba mafundisho yataingia yenyewe. Kings of Israel, uliobuniwa na Lance Hill na kuchapishwa na Funhill Games mwaka 2014, umetungwa kwa njia nyingine, nami naona unastahili kufahamika kwa walimu wa vijana makanisani hapa Mombasa, na kwa yeyote mwenye nia ya kubuni mchezo wa namna hii, kwa sababu historia yake imo ndani ya kanuni zenyewe. Mchezaji asiyewahi kufungua vitabu vya Wafalme huinuka mezani akiwa ameelewa ni nini kilichoiangusha Samaria, mji mkuu wa Ufalme wa Kaskazini wa Israeli.

Kisa chake ni cha Ufalme wa Kaskazini. Baada ya kifo cha Sulemani, yapata mwaka 931 KK, makabila kumi yalimkataa mwanawe Rehoboamu na kumfuata Yeroboamu, naye akaweka ndama za dhahabu Betheli na Dani ili watu wasiende tena Yerusalemu kuabudu. Ufalme huo ulidumu zaidi ya miaka mia mbili hadi Waashuru walipoutwaa mji wa Samaria mwaka 722 KK na kuwahamisha watu wake. Wachezaji wawili hadi wanne huketi mbele ya ramani ya nchi hiyo wakiwa manabii, na wote hushirikiana: kuondoa dhambi, kuvunja sanamu, na kujenga madhabahu za kutolea sadaka. Wakifikisha idadi ya madhabahu inayotakiwa kabla Ashuru hajaiangamiza nchi, wameshinda kwa pamoja. Vipande vya dhambi au sanamu vikiisha kwenye akiba kwa sababu vyote vimekwisha kutapakaa nchini, wameshindwa kwa pamoja, papo hapo.

Waliozoea Pandemic, mchezo wa Matt Leacock wa mwaka 2008, watautambua muundo huu mara moja, kwa kuwa huko nako wachezaji wote wako upande mmoja, wakishindana na balaa linaloenea kutoka mji hadi mji. Hata hivyo yapo maamuzi ambayo hayaelezeki ila kwa historia yenyewe, na hapo ndipo ninapouheshimu ubunifu wa Hill.

La kwanza ni kwamba mchezaji si nabii mmoja, bali ni ukoo wa manabii, kizazi baada ya kizazi. Muda wa zaidi ya karne mbili haumtoshi mtu mmoja, na mtunzi mwingine angeliweza kulifumbia macho jambo hilo na kumfanya nabii Eliya aishi tangu Yeroboamu hadi Hoshea, mfalme wa mwisho. Hapa kazi hurithiwa. Anachokiacha nusu wa kizazi kimoja, wa kizazi kinachofuata hukikuta nusu vilevile, huku wafalme wakibadilika juu ya vichwa vyao na tabia ya kila mfalme ikiamua kama mzigo wa taifa utazidi au utapungua.

La pili, nalo ndilo kubwa, ni kwamba hakuna awezaye kumzuia Ashuru. Tarehe ya maangamizi imekwisha kuwekwa kwenye ubao kabla kete ya kwanza haijasogezwa. Katika michezo mingi ya vita mchezaji hupewa nafasi ya kuigeuza historia, Hannibal akaishinda Roma, Napoleon akashinda pale Waterloo. Hapa mwisho umefungwa, na kilichobaki wazi ni kazi gani itakuwa imekamilika siku hiyo itakapofika. Huo ndio mtazamo wa 2 Wafalme 17, sura isemayo kwamba manabii walitumwa mmoja baada ya mwingine na watu hawakusikia. Nimewaona vijana wa kanisa letu hapa Tudor wakibadilika katika mazungumzo yao katikati ya mchezo: mwanzoni huulizana namna ya kuiokoa nchi, na baadaye huulizana ni wapi patafikika kabla muda haujaisha. Somo hilo la historia, mwalimu angelihitaji muhula mzima kulifundisha ubaoni.

Linalohitaji maelezo ni hizo madhabahu. Msomaji wa Kumbukumbu la Torati 12 atauliza mara moja kwa nini manabii wajenge madhabahu kaskazini, ilhali Torati iliagiza sadaka zipelekwe mahali pamoja atakapopachagua Bwana, na ilhali dhambi ya Yeroboamu ilikuwa hasa ya kuanzisha mahali pengine pa ibada. Swali ni halali, na halijibiwi kwa kulipuuza. Jibu lenye uzito liko katika kisa cha Eliya: juu ya Mlima Karmeli aliitengeneza madhabahu ya Bwana iliyokuwa imevunjika, akatwaa mawe kumi na mawili kwa hesabu ya makabila, na baadaye kule Horebu alilalamika kwamba wana wa Israeli wamezivunja madhabahu za Bwana. Madhabahu za kaskazini, basi, hazikuwa zote za ndama. Ningependa jambo hili lielezwe kwa vijana kabla ya kuanza kucheza, maana bila hilo mtu makini atabaki na shaka iliyo kubwa kuliko mchezo.

Nina dai moja zito zaidi. Dhambi katika mchezo huu ni ya namna moja tu: kipande kidogo kinachowekwa kwenye mji, kisichosema kama mji huo umemsujudia Baali au umemdhulumu mjane. Kwa enzi ya mfalme Ahabu na mkewe Yezebeli hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa vita vya Eliya vilikuwa juu ya ibada. Lakini tukifika kwa Yeroboamu wa pili, aliyetawala miaka 41, hali ni nyingine kabisa. Nchi ilikuwa na neema, mipaka ilikuwa imepanuka, sadaka zilitolewa kwa wingi, na nabii Amosi alitoka Tekoa, kijiji cha Yuda, kuja kuwaambia matajiri wa Samaria kwamba wanawauza maskini kwa bei ya jozi ya viatu na kwamba Mungu amechoshwa na sikukuu zao. Mchezo ambao ushindi wake huhesabiwa kwa madhabahu na sadaka hauna pa kuiweka sauti ya Amosi. Mwalimu anaweza kuliziba pengo hili kwa kuisomesha sura ya pili na ya tano ya Amosi, lakini mtunzi ajaye angelipaswa kuligawa tatizo hilo kwenye kanuni: dhambi ya aina mbili, na moja kati ya hizo isiyoondolewa kwa sadaka yoyote.

Kwa upande mwingine naupongeza mchezo kwa kufuata kipimo cha kitabu cha Wafalme bila kuyumba. Mfalme Omri, baba yake Ahabu, ameandikiwa aya chache tu, ingawa ndiye aliyeijenga Samaria, jina lake limechongwa kwenye jiwe la Mesha mfalme wa Moabu lililopatikana Dhiban mwaka 1868, na Waashuru waliendelea kuiita nchi hiyo nyumba ya Omri hata baada ya ukoo wake kukatiliwa mbali. Mtunzi wa michezo ya dola angelimfanya shujaa. Hapa anapimwa kama mwandishi wa kale alivyompima, na kijana akitaka kujua zaidi, mlango wa akiolojia uko wazi.

Kwa matumizi ya hapa kwetu, yapo ya kuzingatia. Maelezo yote yako kwa Kiingereza, na majina ya wafalme kwa tahajia ya Kiingereza humchanganya kijana aliyelelewa na Biblia ya Kiswahili, kwa hiyo ni vyema kuandaa karatasi moja yenye majina ya wafalme na mtiririko wa zamu kwa Kiswahili. Sijauona mchezo huu ukiuzwa madukani mjini, na nakala tunayoitumia ililetwa na ndugu aliyekuwa ng'ambo. Hewa yetu ya chumvi na unyevunyevu hukunja kadi za kila aina, hivyo ziwekwe kwenye vifuko vya plastiki na boksi lifungwe vizuri. Tena, kama ilivyo kawaida ya michezo ya ushirikiano, mchezaji mwenye ujuzi anaweza kuwaamulia wote, na mwalimu aweke sharti kwamba mwenye zamu ndiye mwenye neno la mwisho.

Kuhusu majirani zetu Waislamu, mada hii si ngeni kwao. Sura ya As-Saffat inamtaja Nabii Ilyas, yaani Eliya, akiwakemea watu wake kwa kumwomba Baali, na Al-Yasa, yaani Elisha, naye ametajwa katika Kurani. Mtu wa Mji wa Kale akiketi mezani ataielewa vita ya manabii na sanamu pasipo kuelezwa, ingawa ni adabu kumuuliza kwanza kama anaridhia kushika nafasi ya nabii katika mchezo.

Kwa wanaotaka kutunga wa kwao, njia ya uchapishaji inafahamika. Wachapishaji wengi wadogo wa michezo ya namna hii huanza kwa nakala ya majaribio ya karatasi, huijaribu kwa watu wasiowajua, kisha huchangisha fedha za wanunuzi mapema kwa njia kama Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, kabla ya kupeleka kazi kiwandani. Hatua mbili za kwanza hazihitaji mtaji mkubwa hapa Mombasa. Ubao na kadi huchapwa kwenye duka lolote la chapa, na kete za mti ziko mikononi mwa wachongaji wa Changamwe, ambao chama chao cha ushirika cha Akamba kimekuwa kikichonga tangu miaka ya 1960. Vijana waliokua wakitazama bao na dhumna barazani wanajua tayari kwamba mchezo mzuri hutaka kanuni chache zenye kina. Waanze na kipindi kimoja kifupi, labda cha Nehemia na ukuta wa Yerusalemu, ambao Biblia yasema ulimalizika kwa siku 52, na wakatae kuchora kadi hata moja mpaka kanuni tupu, zikichezwa kwa kokoto na vipande vya karatasi, zimfanye mchezaji aione hofu ya wajenzi walioshika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mkono mwingine.